Nyumbanitu, ngome ambayo hakuna aliyeijenga

Anayetafuta minara ya kale nchini Tanzania huelekezwa pwani. Kilwa Kisiwani ataonyeshwa Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe la karne ya 14. Kaole, karibu na Bagamoyo, atakuta makaburi yenye nguzo. Huku Nyanda za Juu Kusini hataonyeshwa kitu cha namna hiyo. Wabena, watu wa eneo hili, walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na nyumba ya miti na udongo ikihamwa, mvua za misimu michache hutosha kuirudisha ardhini. Lakini ngome wanayo, na wanaisimulia mpaka leo. Imo ndani ya msitu wa asili katika kijiji cha Mlevela, wilaya ya Wanging'ombe, mkoani Njombe. Ni pango. Wanaliita Nyumbanitu, yaani nyumba nyeusi.

Shangazi yangu, anayeishi Makambako, ndiye aliyenisimulia kwanza habari zake nikiwa mdogo, jioni, tukimenya viazi. Kulikuwa na nyumba ndani ya mwamba ambayo adui alipita mlangoni pake asiione. Kulikuwa na kuku weusi wasio na mwenyewe, wanaoishi msituni, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwakamata akawala. Kichwani mwangu nyumba hiyo ilikuwa ndefu kama mti, nyeusi tii, ina dirisha moja juu kabisa, na jogoo anawika kwenye paa. Hadithi za watoto zina kazi yake. Ila hii ina watu halisi ndani yake, watu waliokimbia mikuki halisi, na nimeona sihitaji kuiacha ibaki hadithi ya jioni tu. Ndiyo sababu nilipopata nafasi nilipanda basi kwenda kusini.

Makambako ni mji wa njia panda na haufichi hali hiyo. Barabara kuu iendayo Zambia inapita hapo, na hapo hapo inachepuka ile ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni hapo. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na wazee wa hapa wanaokumbuka ujenzi wanasema kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuipandisha kutoka Mlimba mpaka huku juu, maana mlima ule ulitobolewa mahandaki moja baada ya jingine. Upepo wa Makambako hauna adabu. Unaingia kwenye koti, unatimua vumbi la stendi, unapeperusha maturubai ya wauza mitumba. Usiku malori yanapanga foleni, na mama lishe wanabaki macho kwa ajili ya madereva. Shangazi alinikaribisha, akanipa koti zito la marehemu mjomba, akaniambia, "Huko unakokwenda usiseme unakwenda kutalii. Sema unakwenda kusalimia."

Kutoka hapo hadi Njombe ni kama kilomita 60, na njia nzima ni somo la miti. Misindano, mikaratusi na miwati imepandwa kwa mistari iliyonyooka, kilima hadi kilima. Kampuni ya miwati, inayojulikana kwa jina la TANWAT, ilianza hapa mwaka 1949 kwa ajili ya magome yanayotumika kulainisha ngozi, na tangu hapo mbao zimekuwa mshahara wa wengi. Siku hizi kuna parachichi pia. Kila nyumba ina miche yake, na ardhi ambayo zamani mtu aliigawa kwa ndugu bila kupima sasa inapimwa kwa hatua. Nayasema haya kwa sababu katikati ya miti yote hiyo iliyopandwa, msitu ambao haukupandwa na mtu umekuwa kitu cha nadra, na mahali uliposalia mara nyingi umesalia kwa sababu watu waliuogopa.

Njombe mjini ni baridi. Mji uko kwenye urefu unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni au Julai ukungu unakaa barabarani mpaka watu wamekwisha kunywa chai ya saa nne. Kando ya barabara kuu, karibu kabisa na nyumba za watu, Mto Luhuji unaanguka juu ya mawe. Vijana wanapigia picha hapo. Mimi nilisimama kwa sababu nyingine. Mto huu unateremka mashariki hadi bonde la Kilombero, na huko ndiko ilikoishia nusu ya pili ya historia ya Wabena.

Historia yenyewe ni ya watu waliobanwa. Katika karne ya 19 Ubena haukuwa na mtawala mmoja mwenye nguvu za kuukusanya wote. Ulikuwa wa watema, yaani watawala, wengi, kila mmoja na bonde lake na mifugo yake. Kaskazini walikuwapo Wahehe, ambao Munyigumba aliwaunganisha kuwa dola ya kivita. Magharibi walikuwapo Wasangu wa mtawala Merere. Kusini walikuwapo Wangoni, waliokuja na mbinu za vita kutoka kusini mwa Afrika. Kila aliyetaka ng'ombe, wanawake au vijana wa kuwafanya askari alijua njia ya kuja Ubena. Wahehe na Wangoni walipogombana wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1878 hadi walipopatana mwaka 1882, nchi iliyokuwa katikati yao ni hii. Munyigumba alikufa mwaka 1879, na baada ya ugomvi wa urithi mwanawe Mkwavinyika, tunayemwita Mkwawa, akashika mamlaka na vita vikaendelea.

Kundi moja la Wabena lilishuka hadi bonde hilo la Kilombero, Ulanga, likaanza maisha mapya ya mpunga, mitumbwi na samaki chini ya ukoo wa Kiwanga. Hawa wana kitabu. Mwaka 1935 A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick walichapisha "Ubena of the Rivers", na ndani yake mtema Towegale Kiwanga alipewa sura yake mwenyewe asimulie. Waliobaki juu hawakupata nafasi kama ile. Hao ndio wa Nyumbanitu. Waliobaki hawakuwa na mto wa kuvuka wala mtema wa kuwaandikia sura, na kumbukumbu yao ikawekwa pale pale walipojificha.

Nilikwenda Mlevela kwa bodaboda kupitia njia ya Mdandu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kijana aliyenibeba aliniuliza kama nimetoka serikalini. Nilipokana akaniuliza kama natafuta kuku. Wapo wanaokuja kuwatafuta, alisema, na hurudi na picha za majani.

Nilianzia kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha nikapelekwa kwa mzee anayeshika funguo za mahali pale, ingawa hakuna mlango wala kufuli. Kuna ukoo wenye dhamana ya kuomba ruhusa kwa waliotangulia kabla mgeni hajaingia. Nilipiga magoti kidogo, nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, halafu akanipa salamu ya kwao: "Kamwene." Nami nikajibu, "Kamwene." Aliniuliza jina la baba, jina la babu, na shangazi yangu wa Makambako ameolewa na nani. Hakuwa na haraka. Mimi naona maswali yale ndiyo mlango wa kwanza wa ngome hii, na huenda ndio mlango wake wa zamani kuliko yote. Mahali pa kujificha panahitaji kujua kila anayepajia ni wa nani.

Tulipofika ukingoni mwa msitu alisimama, akazungumza Kibena kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani wa ng'ambo ya ua. Kisha tukaingia. Nje ya msitu kulikuwa na mahindi yaliyovunwa na misindano michanga. Ndani, hewa ilibadilika hapo hapo. Ardhi ilikuwa laini, majani makavu juu, udongo mweusi chini, mizizi ikivuka njia. Hapakuwa na kisiki kilichokatwa kwa msumeno popote macho yangu yalipofika, jambo ambalo katika wilaya inayoishi kwa mbao ni la kushangaza kuliko kuku weusi.

Mdomo wa pango ungenipita kama mzee asingeniwekea mkono begani. Ni mwamba na giza, na mbele ya giza hilo majani yananing'inia. Lazima uiname. Unatanguliza kichwa, bega moja, halafu lingine, na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hadithi ya shangazi haikuwahi kunieleza. Askari wa Kihehe alipigana kwa ngao na mikuki, ile ya kurusha na ile ya kuchoma kwa karibu, na nguvu yake ilikuwa kwenye kukimbia pamoja na wenzake uwandani. Hapa hawezi kukimbia wala kurusha. Ngao inakwama. Anaingia mmoja, ameinama, macho yamejaa mwanga wa nje, na aliye ndani amekwisha kulizoea giza. Mtoto mwenye jiwe angeweza kumzuia.

Ndani ni pana kuliko unavyotegemea. Mzee anavitaja vyumba kama mtu anavyotaja vya nyumbani kwake: hapa palikuwa pa wazee, kule walilala akina mama na watoto, huku walihifadhi chakula. Tochi ya simu yangu ilimulika ukuta wa jiwe lenye unyevu, ikashindwa kufika mwisho. Nilimwuliza kuhusu moshi, kwa kuwa adui akiwasha moto mlangoni, pango linageuka mtego. Akanijibu, "Asiyeujua mlango hawashi moto." Kwa hiyo ulinzi wote ulikuwa kimya. Nilifikiria mama mwenye kichanga humo ndani, nyayo za watu zikisikika juu ya mwamba, na kazi aliyokuwa nayo usiku huo. Sidhani kama kuna shujaa wa vita vile aliyefanya kazi kubwa kuliko yake.

Kuku sikuwaona. Mzee anasema wao ndio huchagua wa kumtokea, na hakuonekana kuona haja ya kunithibitishia. Anasema ni weusi wote, hawana mwenyewe, hufugwa na mahali penyewe, na anayewakamata hupotea njia mpaka awaachie. Mimi siwezi kusimulia zaidi ya hapo. Ninachokiona ni hiki: anayekimbia vita hubeba anachoweza kubeba, na katika nchi hii mtu hubeba kuku. Kama kweli kuna kizazi cha kuku kilichoachwa msituni watu walipotoka, basi kuku hao ni mabaki ya wakimbizi sawa na vigae vya vyungu. Na kama hawakuwahi kuwapo, bado mtu aliyetunga habari zao alijua kitu gani kingemfanya mtoto alikumbuke pango hili miaka mia moja baadaye. Mimi nilikumbuka.

Hebu tuilinganishe ngome hii na ile ya mwenye kushinda. Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo karibu na Iringa, Mkwawa alijenga ukuta mrefu wa mawe na udongo kuzunguka makao yake, akakusanya humo baruti, bunduki na pembe za ndovu. Alikuwa na sababu. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yaliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski pale Lugalo, na alijua kwamba Wajerumani wangerudi. Walirudi na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 askari wa Tom von Prince wakauteka ukuta ule. Ngome iliyochukua miaka kujengwa ikaanguka siku hiyo, maana ilionekana. Mzinga unahitaji kitu cha kulenga.

Mkwawa akaponyoka, akapigana miaka mingine karibu minne bila ngome yoyote. Alilala vichakani, alilishwa na raia, alihama usiku. Mwezi Julai 1898, pale Mlambalasi, alijiua asikamatwe. Mlambalasi ni nini? Ni miamba yenye pango. Aliyewatia Wabena mapangoni alimalizia maisha yake kwenye pango. Silisemi hili kwa kumcheka, kwani ujasiri wake ni wa Tanzania nzima, na kuchukuliwa kwa fuvu lake kupelekwa Ujerumani kulikuwa tusi kwa wote. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, ulitaja kurejeshwa kwa fuvu hilo, na gavana Edward Twining alilirudisha Kalenga mwaka 1954. Ninachosema ni kwamba katika milima hii mwamba umewapokea wote, mshindi na mshindwa, na sisi tumemkumbuka mmoja zaidi ya wengine.

Mlambalasi ina kaburi, ina kumbukumbu. Wanaakiolojia wakiongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichimba hapo mwaka 2006 na tena 2010, wakakuta chini ya tabaka la zama za Mkwawa mabaki ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Ndiyo kusema kwamba hata yeye alikuwa mgeni wa mwisho katika makazi ya kale sana. Najiuliza chini ya majani na udongo wa Nyumbanitu kuna nini. Vigae? Mawe ya kusagia? Majivu ya mioto iliyowashwa ndani kabisa, mahali ambapo mwanga haukutoka? Vitu hivyo vingesema ni watu wangapi, walikaa kwa muda gani, walikula nini. Na kwa kuwa mwamba hauna mwaka uliochongwa mlangoni, visemeje kama hakuna anayevisikiliza?

Hapa kuna jambo la sheria ambalo linanikera, na nalitaja wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu na majengo yaliyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Kilichotengenezwa baada ya hapo kwa kawaida hulindwa waziri akikitangaza. Tarehe hiyo inawafaa sana watu wa pwani, ambako matumbawe yamesimama tangu karne ya 14. Lakini vita vilivyowaingiza Wabena pangoni, vya Munyigumba na Mkwawa, vilipamba moto hasa katika miaka ya 1870 na 1880. Chungu kilichobebwa na mama akikimbia vita hivyo kimezaliwa miaka kumi au ishirini baada ya mstari wa sheria. Akija mtu na gunia akakiokota, ni mpaka pawe na tangazo la waziri ndipo sheria hiyo imguse. Wabena walichelewa kushambuliwa.

Msitu wenyewe una njia nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia kwa sheria ndogo zake, na mahali kama hapa, ambapo mwiko ulikwisha kufanya kazi ya mgambo kwa vizazi, sheria ndogo zinaweza kuandikwa kwa kufuata yale ambayo wazee wanayajua tayari: nani aingie, nini kisikatwe, nani aombe ruhusa. Hofu yangu ni vijana. Aliyeniendesha kwa bodaboda hauogopi msitu. Anauheshimu kidogo, anautania zaidi, na mbele yake kuna bei ya mbao na bei ya parachichi. Mwiko hauwezi kushindana peke yake na bei. Unahitaji kijana huyo apate riziki kwa msitu kusimama, kwa mfano akiwa ndiye mwongoza wageni anayelipwa na kijiji na anayeijua historia hii na miaka yake.

Pia kuna utalii wa kuogopa. Nimeona mapango mengine nchini, Amboni kule Tanga, ambako makundi ya wanafunzi hupita yakiongozwa na mtu mwenye tochi, na kuna raha yake. Watu wanapenda mahali wanapoweza kuingia, kutoka na kusimulia. Nyumbanitu ikifunguliwa kwa namna hiyo bila mpango, kitakachouzwa ni kuku. Watakuja watu wa kuwatafuta, watapiga kelele, watachora majina kwenye jiwe kama walivyochora kwingine, na habari ya vita itabaki kuwa maelezo ya dakika mbili kabla ya picha.

Nilimweleza mzee haya tukiwa tumeketi nje ya msitu, juu ya gogo, mkewe akituletea viazi vya kuchemsha na chai isiyo na maziwa. Nilimwuliza yeye angependa nini. Alifikiri. Alisema anataka barabara ipitike masika, kwa ajili ya wagonjwa kwanza na wageni baadaye. Anataka choo cha wageni kijengwe mbali, upande wa shule, kisiwe karibu na miti. Anataka mtu aje na kinasa sauti akae naye siku nyingi, kwa kuwa wanawe wawili wako Dar es Salaam na yule wa tatu yuko Makambako kwenye biashara ya viazi, na yapo maneno ya kuombea ruhusa ambayo bado hajamfundisha yeyote kati yao. Nilimwuliza kuhusu taa za umeme pangoni, maana umeme umekwisha fika kijijini.

"Taa hapana," alisema. "Ile ni nyumba nyeusi, mwanangu. Ukiwasha taa, watu watajificha wapi?"